Lori Kuukuu Kuwa Nyumba: Je, Yafaa Kikundi Chenu?

Mwezi wa Oktoba ukifika, kule Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi huwa yamekauka shambani na mashine za kupukuchua huanza kuzunguka. Leo ziko kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, wiki ijayo ziko ng'ambo ya mto. Vijana wanaoziendesha hulala wapi? Wengine chini ya turubai pamoja na magunia. Wengine hukodi chumba sokoni, na asubuhi sehemu ya pato la jana linakwenda kwa bodaboda. Ni vivyo hivyo kwa wachimba visima, kwa wafunga nyasi za mifugo, na kwa mafundi wanaojenga matangi ya maji shuleni mbali na kwao.

Ndiyo maana wazo hili husikika katika mikutano ya vikundi: "Tununue lile lori kuukuu la fulani, tujenge chumba juu yake, tuwe tunalala humo." Wengine hucheka. Lakini si jambo la kuchekwa. Uingereza, baada ya Vita Vikuu vya Pili kwisha mwaka wa 1945, watu wa maonyesho ya pembea walinunua malori yaliyoachwa na jeshi wakayafanyia kazi na makazi. New Zealand, miaka ya 1970, watu wengi walijenga nyumba za mbao juu ya malori ya zamani, na malori hayo yalikuwa yakijaa katika tamasha za Nambassa kati ya 1976 na 1981. Hapa kwetu wajenzi wa barabara wamelala katika vyumba vya magurudumu kwa miaka mingi.

Basi yawezekana. Lakini kuna mambo mawili yanayoamua kama nyumba hiyo itakuwa msaada au msiba, nayo ni uzito na hewa. Mengine yote, rangi, pazia, kabati, hata sola, ni ya kujadiliwa baadaye. Chini bado ni gari, na gari likikosewa huanguka. Juu ni sanduku la mabati, na sanduku likizibwa vibaya huua watu wakiwa wamelala.

KWANZA: MNAHAMA KWELI?

Hebu muulizane kwa uwazi. Kazi yenu inahama mara ngapi kwa mwaka? Kama lori litaegeshwa mahali pamoja miezi kumi na moja, hamhitaji lori. Mtakuwa mnalipia tairi zinazooza juani, bima, na injini isiyowashwa. Kwa kazi hiyo ni afadhali kununua bodi peke yake ya lori lililokufa na kuiweka juu ya matofali, au kujenga nyumba ya kawaida ya mabati. Hata kontena la futi 20, ambalo likiwa tupu lina uzito wa kama tani mbili na zaidi kidogo, ni nyumba rahisi kuliko lori kama halitahamishwa.

Lakini kama mnahama kila baada ya wiki mbili au tatu kwa msimu wa miezi minne, na mko watu wanne hivi, na lori lenyewe laweza pia kuvuta mashine yenu, hapo hesabu inaanza kukubali.

KUNUNUA LORI

Msiende kwa muuzaji bila makanika, na makanika huyo alipwe na kikundi, asiwe rafiki wa muuzaji. Mwanzoni msahau injini. Injini hutengenezwa. Kitu kinachokataa kutengenezwa ni chasisi. Aingie chini na tochi na brashi ya waya, asugue matope na kutu, aangalie nyuma ya kebini na pale springi za nyuma zinaposhikwa. Hapo ndipo nyufa huanzia. Akiona mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya, aulize kwa nini. Lori lenye chasisi iliyovunjika likaungwa lawezekana kubeba mchanga mwaka mmoja zaidi, lakini msilale juu yake.

Kisha breki. Kwa lori la breki za upepo, jazeni tangi la upepo, zimeni injini, msikilize. Kama mnasikia upepo ukivuja na mshale unashuka haraka, kuna kazi hapo. Moshi nao una lugha yake: wa bluu maanake injini inakula oili, mweusi maanake dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo, na mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto huenda ni maji yanaingia ndani au dizeli isiyoungua.

Tairi zinahitaji macho zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Usiangalie meno peke yake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na iwe imezeeka, imepasukapasuka ubavuni, maanake lori lilikaa tu. Lori la tairi sita pamoja na ya akiba, kama zote ni za kubadilisha, laweza kula pesa nyingi kuliko mbao zote za nyumba. Hilo lisemwe kabla ya bei kukubaliwa, si baadaye.

Jambo la mwisho hapa: chagueni lori ambalo vipuri vyake vinapatikana katika mji wa karibu. Isuzu ya zamani ambayo kila makanika wa jua kali anaijua ni bora kuliko lori zuri la ng'ambo ambalo hata fulta yake lazima iagizwe.

HESABU YA UZITO

Tuchukue mfano. Chumba cha urefu wa mita 5.4, upana mita 2.3, na kimo cha mita 2 ndani. Kuta na paa kwa pamoja ni kama mita mraba 43. Bati la chuma la unene wa milimita moja lina uzito wa karibu kilo 8 kwa mita mraba, kwa hivyo bati la nje ni kilo 340. Plaiwudi ya milimita 6 ya kufunika ndani, vipande 15 vya futi nane kwa nne, kila kimoja kama kilo 10: kilo 150. Sakafu ya plaiwudi nzito ya milimita 18, vipande vitano: kilo 150 nyingine. Mifupa ya chuma cha mraba, kama mita mia moja: kilo 240. Vitanda na kabati: kilo 150. Betri, sola, mtungi wa gesi na jiko: kilo 100. Maji lita 300: kilo 300, maana lita moja ni kilo moja. Watu wanne na mizigo yao: kilo 360.

Jumla ni karibu kilo 1,800. Ongezeni vyombo vya kazi, mtafika tani mbili na nusu. Kwa lori lililozoea kubeba tani saba hiyo si kitu. Kwa kanta ya tani tatu mko karibu na ukingo, na mama akiongeza gunia mbili za viazi mmefika. Kama mnatumia bati nzito zaidi au mbao nene za mvule "ili idumu", rudieni hesabu. Wengi hujenga nyumba ya lori kama wanavyojenga ghala, kisha wanashangaa lori linapanda mlima kwa gia ya kwanza.

Lakini uzito wote si ndio shida kubwa. Shida ni uko wapi. Mchanga hukaa chini na umetandazwa sawa. Nyumba si hivyo. Mkiweka tangi la maji, kabati la vyombo na betri zote upande wa kushoto, lori litaegemea kushoto siku zote, na kwenye kona ya barabara mbovu litataka kulala. Mkiweka mizigo juu ya paa ni mbaya zaidi. Kwa hivyo vitu vizito vikae chini, karibu na sakafu, viwe kati ya ekseli mbili au juu kidogo ya ekseli ya nyuma, na upande mmoja usizidi mwingine. Paa libebe sola na hewa tu. Hakuna magunia, hakuna kuni, hakuna abiria.

Kuhusu maji, usidanganywe na tangi moja kubwa. Maji yaliyojaa nusu ndani ya tangi kubwa husukumana dereva akifunga breki, na nguvu hiyo aihisi hata kwenye usukani. Mitungi 15 ya lita 20, iliyofungwa kwa mkanda ndani ya fremu ya mbao chini ya vitanda, hufanya kazi hiyo hiyo bila fujo. Tena mtungi mmoja mmoja ni rahisi kupeleka mtoni. Watu wanne wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, hiyo ni karibu siku nne.

KUFUNGA CHUMBA JUU YA CHASISI

Hapa ndipo mafundi wazuri wa milango na madirisha hukosea, kwa sababu wamezoea kufunga kitu kisitingishike. Chasisi ya lori imetengenezwa ipinde. Gurudumu moja likiingia shimoni, upande mmoja wa chasisi unashuka na mwingine unabaki juu. Ukichomelea chumba kwenye chasisi moja kwa moja, mmoja lazima apasuke: chumba au chasisi. Mara nyingi huanza chumba, pembeni mwa mlango, mvua inaingia, mnaziba na gundi, inapasuka tena.

Angalia jinsi bodi ya mizigo ya lori ilivyofungwa tangu mwanzo. Kati ya chasisi na bodi kuna mbao ndefu, na vyote vimeshikwa kwa bolti zenye umbo la U. Fuateni mfano huo. Nyuma mkaze sana. Mbele, karibu na kebini, wekeni bolti zenye springi nzito ili chumba kiweze kuinuka kidogo chasisi inapopinda. Na kati ya kebini na chumba acheni nafasi, isiwe imeshikana, maana kebini nayo ina mwendo wake.

Mambo mawili msimruhusu fundi: kuchomelea kwenye mbavu za chasisi, na kutoboa mashimo juu au chini ya mbavu hizo. Moto hufanya chuma cha chasisi kuwa dhaifu palepale, na ufa huanzia kwenye tundu. Wakati wowote wa kuchomelea chumba kikiwa juu ya lori, waya za betri zifunguliwe kwanza. Na kama bati ni la zinki, mahali pa kuchomelea pasuguliwe zinki itoke, kazi ifanywe nje penye upepo. Moshi wa zinki humletea fundi homa ya kutetemeka usiku huohuo, na wengi hudhani ni malaria.

Lori lililozoea tani saba likibeba mbili litaruka sana kwenye mashimo. Msikimbilie kutoa mabamba ya springi. Kwanza mpunguze upepo wa tairi kufuatana na uzito mpya, kwa maagizo ya mtengenezaji wa tairi, na dereva aende pole.

JUA, BARIDI NA JASHO LA BATI

Bati tupu mchana ni tanuri, usiku ni barafu. Pakeni paa rangi nyeupe. Kama pesa zinaruhusu, wekeni paa la pili jembamba juu ya la kwanza, na nafasi ya kama sentimita tano hadi kumi katikati ili upepo upite. Land Rover za zamani za nchi za joto zilikuwa na paa la namna hiyo, na waliozipanda wanajua tofauti yake.

Ndani ya kuta, kati ya bati na plaiwudi, wekeni povu gumu jeupe, lile la kufungia televisheni likiwa katika mbao kubwa. Lifunikwe kabisa na plaiwudi, lisibaki wazi hata kidogo, kwa sababu likishika moto hutoa moshi wa sumu. Msitumie nyasi au maganda ya mahindi. Panya watakuja kabla yenu.

Kuna jambo ambalo hushangaza watu wa Molo, Timau na Kinangop: asubuhi kuta zinatiririka maji ingawa mvua haikunyesha. Ni pumzi yenu. Kila mtu hutoa zaidi ya nusu glasi ya maji kwa usiku mmoja kwa kupumua na kutoka jasho, na mvuke huo ukigusa bati baridi unakuwa matone. Magodoro yanaoza chini, mbao zinaota ukungu. Dawa yake si kuziba zaidi. Dawa ni hewa ipite, na kitanda kiwe cha fito zilizoachana, si ubao mzima.

HEWA

Ningependa sehemu hii isomwe kwa sauti katika mkutano, na asiyejua kusoma aelezwe.

Chumba cha mfano wetu kina hewa ya mita za ujazo 25 tu. Ni kidogo. Usiku wa baridi, watu wamechoka, mtu anasema: "Tuingize jiko kidogo, likishakuwa kaa jekundu halina moshi." Hapo ndipo kifo kinapoingia. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Ikifika mapafuni, damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, kwa hivyo mwili unakosa hewa huku mtu anapumua vizuri kabisa. Mtu hakohoi wala haamki. Jiko lililofunikwa na majivu bado linatoa gesi hiyo. Katika nchi yetu watu hufa kwa njia hii nyumbani kila msimu wa baridi, katika vyumba vya mawe vyenye nyufa. Sanduku la bati lililozibwa kwa gundi ni hatari zaidi ya hapo.

Kwa hivyo sheria iwe moja: jiko la makaa haliingii ndani, liwe linawaka au limezimika. Likae nje, na likipoa liwekwe kwenye sanduku lake chini ya lori. Jenereta pia isiwashwe ndani, wala chini ya sakafu, wala mlangoni. Na bomba la moshi la lori lenyewe lichunguzwe lisivuje, mdomo wake utokeze nje ya ukingo wa bodi. Mtu asilale nyuma wakati injini inanguruma ili kuchaji betri.

Baridi ya kweli hupiganwa kwa blanketi, kwa povu la kuta, na kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Hiyo inatosha hata Kinangop.

Toboeni matundu ya hewa yasiyofungika. Napendekeza tundu la sentimita 10 kwa 20 karibu na sakafu upande mmoja, na jingine kama hilo karibu na dari upande wa pili, na kwa watu wanne muwe na jozi mbili. Hewa baridi inaingia chini, ile iliyotumika inatoka juu. Wekeni wavu wa mbu, na muusafishe kila wiki, maana vumbi la mahindi huuziba ukawa kama ukuta. Yule ndugu anayejaza tundu kwa soksi usiku kwa sababu upepo unampiga, ahamishiwe kitanda kingine. Asiachwe azibe. Kuna vifaa vidogo vya betri vinavyopiga kelele vikinusa gesi hii. Mkiweza nunueni kimoja, lakini matundu yabaki.

Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu kuwa mizito. Kama watu wawili au watatu wana kichwa kwa pamoja usiku, msiseme ni chakula. Tokeni nje wote. Mkimkuta mtu amezimia, fungua milango yote, mvute nje penye hewa, na apelekwe hospitali yenye oksijeni hata kama ameamka. Maziwa hayasaidii kitu hapa.

Halafu mlango. Bodi nyingi za lori hufungwa kwa komeo la nje, kwa sababu zilitengenezwa kulinda mizigo. Watu si mizigo. Lazima mlango uweze kufunguliwa kutoka ndani, gizani, bila ufunguo. Na kuwe na njia ya pili ya kutoka, dirisha kubwa upande mwingine, mtu mzima apite. Visa vya wezi visiwafanye mkaweka vyuma visivyofunguka. Vyuma viwekwe bawaba na komeo la ndani. Mjaribu kwa kufumba macho, kila mtu kwa zamu, hata mpishi.

GESI NA STIMA

Mkipika kwa gesi, kumbukeni gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka na kujaa sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Mtungi ukae nje katika kisanduku chake chenye mashimo chini, usimame wima, ufungwe mkanda. Tundu la hewa la sakafuni linasaidia hapa pia. Viungo vya bomba vijaribiwe kwa povu la sabuni. Wanaojaribu kwa kiberiti wapo, na wengine wana alama usoni. Pikeni mlango ukiwa wazi, na mtungi ufungwe kabla ya kulala na kabla ya safari.

Stima si ngumu. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa nne, simu nne, na redio, kwa pamoja havifiki wati-saa 200 kwa siku. Sola ya wati 100 kwenye jua letu hutoa zaidi ya hiyo, na betri moja ya volti 12 yenye ampia-saa 50 inabeba kama 600, ambazo kwa betri ya asidi mtumie nusu tu ili idumu. Malori makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana. Msichomeke taa za volti 12 kwenye moja ya hizo mbili. Moja itachoka, nyingine itajazwa kupita kiasi, zote zitakufa. Nyumba iwe na betri yake mbali na ya kuwashia lori. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, na kila mahali waya inapopita kwenye tundu la chuma pawe na mpira, maana lori hutikisika siku nzima na chuma hukata waya polepole.

VYOO NA MALAZI

Shambani ombeni ruhusa ya kutumia choo au kuchimba shimo. Kwa usiku, ndoo yenye kifuniko na majivu inatosha, na imwagwe shimoni, si mtaroni.

Kama kuna akina mama katika kazi, chumba kigawanywe kwa ukuta wa plaiwudi na mlango wake wenyewe. Pazia halitoshi. Kila sehemu iwe na matundu yake ya hewa na njia yake ya kutoka.

KARATASI ZA LORI

Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuteni rekodi ya lori kupitia eCitizen, mlinganishe namba ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye logibuku. Mkibadilisha bodi, NTSA lazima ijulishwe na mabadiliko yaingizwe katika rekodi. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi kwamba watu wanalala ndani. Mkinyamaza, siku ya hasara ndiyo watakayokumbuka. Barabarani hakuna mtu kukaa nyuma. Wote wawe kebini na mikanda, na wasiotosha wapande matatu.

Jina la mwenye gari ndilo limevunja vikundi vingi. "Tuandike la mwenyekiti kwa sasa, ni haraka." Mwenyekiti akifariki, warithi wake wanaweza kudai lori ni lao, na ni ninyi mtakaobaki na mzigo wa kuthibitisha kwamba ni la kikundi. Kikundi kisajiliwe, kiwe na PIN ya KRA, na lori liandikwe kwa jina la kikundi. Katibu aandike katika kumbukumbu kila mtu alichanga ngapi na, jambo ambalo husahauliwa, anayejiondoa atarudishiwa nini na lini. Nani atatumia lori nje ya msimu? Nani analipa tairi ikipasuka kwa kazi ya mtu binafsi? Semeni mapema, mkiwa bado mnapendana.

SAFARI YA KWANZA

Mkimaliza kujenga, jazeni maji, pakieni kila kitu mahali pake, mwende kwenye mizani. Bohari za NCPB na viwanda vya unga huwa na mizani ya malori. Pimeni lori zima, kisha magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, mlinganishe na namba zilizoandikwa kwenye kibati cha lori. Pimeni pia kimo kutoka chini hadi juu ya sola, mkiandike kwa rangi mbele ya dereva, kwa sababu anayezoea lori wazi husahau matawi, waya za stima na paa la kituo cha petroli.

Endesheni kama kilomita 50 kwenye barabara ya kawaida, msimame, mkaze tena bolti zote za U. Zitakuwa zimelegea, mbao hubonyea. Mkaze tena baada ya kilomita 500, na baadaye kila mwanzo wa msimu. Usiku wa kwanza mlale karibu na nyumbani, mvua ikinyesha kama mna bahati, na asubuhi mtu mmoja azunguke na kalamu akiandika panapovuja, panapogonga kichwa, na nani aliamka na kichwa kizito.